Kuvuta umeme hadi karakana ya uani: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza

Maswali ni yale yale kila wiki. "Fundi, waya wa 2.5 hautoshi kufika kwenye banda?" "Lazima nifukie, siwezi kuupitisha juu ya bati?" "Ethi ya kazi gani wakati taa inawaka bila ethi?" Wanaouliza ni maseremala wa Buhongwa na Nyakato waliojenga banda nyuma ya nyumba, vijana wanaotengeneza injini za mitumbwi kule Igombe, akina mama wenye cherehani za umeme Mkolani. Nimeyapanga majibu kwa kufuata kazi yenyewe ilivyo, ili ujue ununue nini, uchimbe wapi, na uishie wapi kabla ya kumpisha fundi.

Hapa nazungumzia umeme wa fezi moja, volti 230, unaotoka kwenye meinswichi ya nyumba yako kwenda kwenye banda lililo ndani ya kiwanja hicho hicho. Kama mashine zako zinadai fezi tatu, au unataka kuchomelea vyuma kutwa nzima, mwongozo huu haukufai. Nenda TANESCO ukaombe laini inayolingana na kazi hiyo.

Nani afanye nini

Kupima umbali, kupanga njia, kuchimba mtaro, kulaza kebo na kufukia, hizo unaziweza mwenyewe na zitakupunguzia gharama nyingi. Kuunga kebo kwenye meinswichi, kufunga breka, kupima na kuwasha mara ya kwanza ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Aliye nayo hachukii kuulizwa. Mtafute kabla hujanunua chochote, aje aone kiwanja, maana kuna maamuzi mawili matatu humu ambayo ni yake. Mita ya LUKU na waya unaoingia kwenye mita msiziguse, wewe wala yeye. Vyako vinaanzia baada ya mita.

Jambo moja la matumizi, watu wengi hawalifikirii mapema: kama uko kwenye kundi la D1, lile la matumizi madogo ya nyumbani lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, mashine za karakana zitakutoa humo. Piga hesabu hiyo sasa.

Vitu vya kuandaa

- Kebo ya kufukia, ile yenye koti la nyaya za chuma chini ya ganda jeusi, yenye nyaya tatu ndani: laivu inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na ethi inayoupeleka ardhini ukivuja. Pamoja nayo, glandi mbili za kufungia ncha zake.
- Boksi dogo la breka kwa ajili ya karakana, lenye swichi kuu yake.
- Breka za ampia 32, 20 na 6.
- RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 kwa karakana, na nyingine ya miliampia 100 ya aina inayochelewa kidogo, kwa upande wa nyumba.
- Nondo za ethi zenye ganda la shaba, urefu wa mita 1.2 au zaidi, na klempu zake.
- Bomba gumu la plastiki kwa sehemu ambazo kebo inapanda ukutani au inapita chini ya njia ya gari.
- Tepu ya onyo ya kufukia, mchanga, sururu, mtaimbo, chepe, futi kamba.
- Soketi, swichi na taa.

Ukiwa dukani usione haya kukagua. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapata moto haraka na inakatika kwenye skrubu. Irudishe hata kama bei inavutia.

Hatua kwa hatua

1. Orodhesha mashine zako na wati zake.

Kila mashine ina kibandiko chenye wati. Andika zile zitakazofanya kazi kwa wakati mmoja. Mfano wa seremala mmoja: msumeno wa meza wati 2,200, grenda wati 800, taa wati 60. Jumla 3,060. Gawanya kwa 230, unapata kama ampia 13. Ongeza robo kwa ajili ya mashine utakayonunua mwakani, na kwa sababu mota huvuta zaidi kidogo ya kibandiko chake. Hapo panga kwa ampia 20.

2. Pima umbali, ndipo uchague unene wa kebo.

Pima njia ambayo kebo itapita kweli, pamoja na kupanda na kushuka kwenye kuta. Usipime hewani. Umeme ukisafiri mbali kwenye waya mwembamba, volti zinapungua njiani. Kwa mita 40 na ampia 20, waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba 2.5) unapoteza volti 14 na ushee. Wa 4 unapoteza karibu volti 9. Wa 6 unapoteza kama volti 6. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mashine ni asilimia 5, yaani volti 11.5, na kwa taa ni asilimia 3, karibu volti 7. Kwa hiyo 2.5 imeshindwa, 4 imepita kwa mashine lakini si kwa taa, na 6 imetosha kote.

Hesabu hiyo bado haijagusa mota inapoanza. Mota ya msumeno huvuta mara tano ya kawaida au zaidi kwa sekunde chache za kwanza. Kwa ampia 50 kwenye ile 2.5 ya mita 40, volti 36 zinaishia njiani. Ndiyo maana unasikia msumeno unaguna badala ya kuzunguka, na ndiyo maana mota zinaungua watu wakidhani wameuziwa mashine mbovu. Nimeitwa mara nyingi kutazama mota iliyoungua, nikakuta mota haina kosa lolote ila waya.

Fomula ni rahisi. Chukua 18 kwa waya wa 2.5, 11 kwa wa 4, 7.3 kwa wa 6, au 4.4 kwa wa 10. Zidisha kwa ampia, zidisha kwa mita, gawanya kwa 1,000. Jibu ni volti zinazopotea. Ukiwa katikati ya saizi mbili, nunua ile nene.

3. Chagua njia.

Kwetu hapa ardhi ndiyo inayoamua. Ukiwa bondeni, Nyakato au Igoma, utachimba bila shida kubwa. Ukiwa mlimani, Mabatini, Igogo au juu ya Kirumba, sururu inagonga mwamba kabla hujatoka jasho. Ukiwa ufukweni kama Luchelele, unachimba mchanga na maji yanakufuata. Chimba mashimo matatu ya majaribio kwenye njia unayoitaka kabla ya kununua kebo. Ukikuta jiwe, zunguka.

Mwamba ukiwa umeziba kote, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufuata ukuta wa uzio: kebo ile ile ya koti la chuma, imebanwa kwa kliti kila baada ya sentimita 30 hivi, juu ya kimo cha mbuzi na watoto. Ya pili ni hewani, ikibebwa na waya wa chuma uliokazwa kati ya nguzo imara. Hapo usishuke chini ya mita 3.5 mahali pa watu kupita, wala chini ya mita 5.2 mahali gari linapoweza kuingia. Lori la mchanga likija siku moja tu, linatosha kuleta balaa.

Usiulaze waya juu ya bati. Jua linapasua ganda, upepo wa ziwa unausugua kwenye ncha ya bati, na siku laivu ikigusa, banda zima linakuwa na umeme. Fundi paa wa kesho yake hana habari.

4. Chimba.

Kina cha sentimita 60 ndicho ninachokitaka mimi, hasa palipo na bustani au njia ya gari. Ukishindwa kabisa kwa sababu ya mawe, usipungue 45, na kipande hicho upitishe kebo ndani ya bomba gumu. Fikiria urefu wa jembe la mama anayepanda mchicha hapo. Kebo iwe chini ya jembe hilo. Kaa mbali na shimo la choo na mabomba ya maji. Chimba kiangazi, Juni hadi Agosti. Mvua za Oktoba zikianza, mtaro unageuka mfereji na kingo zinaporomoka.

5. Laza kebo.

Ondoa mawe yenye ncha. Tandika mchanga wa sentimita 5 hadi 10, laza kebo bila kuinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo, funika kwa mchanga tena kiasi hicho hicho. Rudisha udongo nusu, laza tepu ya onyo, kisha malizia. Piga picha ya mtaro ukiwa wazi, na futi kamba imelala pembeni, uitunze kwenye simu. Mwaka ukipita hutakumbuka kebo ilipinda wapi.

Usiunge kebo katikati ya mtaro. Nunua kipande kizima chenye urefu wa kutosha. Kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi na kufukiwa kitaingia maji tu, ni suala la miezi.

6. Ethi. Tafadhali soma hatua hii mara mbili.

Wengi wanaamini mashine ikipata hitilafu na mwili wake wa chuma ukawa na umeme, breka itakata. Tufanye hesabu. Mwanza tumejengwa juu ya miamba na udongo mwembamba wenye changarawe, na nondo ya ethi kwenye ardhi hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50, hata mia na zaidi. Gawanya volti 230 kwa omu 50: ampia 4.6. Breka yako ni ya ampia 20. Haitakata. Mashine itakaa pale, chuma chake kina umeme, hadi mtu aiguse akiwa pekupeku.

RCD ndiyo inayokuokoa hapo. Yenyewe hailinganishi na ampia 20. Inatazama kama umeme uliotoka kwenye laivu umerudi wote kwenye nyutro. Ukipotea miliampia 30 tu kupitia ethi au kupitia mwili wa binadamu, inakata chini ya theluthi moja ya sekunde. Breka inalinda waya na RCD inalinda mtu, na kwa ardhi yetu unazihitaji zote mbili pamoja na nondo.

Niliwahi kuitwa kwa seremala mmoja ambaye randa yake ilikuwa "inatekenya". Nikafukua nondo ya ethi. Ilikuwa na urefu wa kiganja. Aliyeifunga alipiga nyundo, ikagonga mwamba, akaikata kwa grenda na kufukia kilichobaki, klempu ikaonekana safi kabisa juu. Yule baba alikuwa na watoto wawili wanaomsaidia kazi jioni baada ya shule. Tangu siku hiyo siondoki kwenye kazi bila kuona urefu wa nondo kabla haijazama.

Basi nondo ikigonga jiwe, fanya hivi:

- Ing'oe, sogea mita moja au mbili, jaribu tena, hata kwa kuilaza kwa pembe. Miamba yetu ina nyufa.
- Tafuta sehemu ya chini ya kiwanja, yenye unyevunyevu, hata kama ni mbali na banda. Waya mrefu wa ethi si tatizo.
- Weka nondo mbili au tatu zikiwa zimeachana umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, uziunganishe.
- Ikishindikana kabisa, fundi alaze shaba tupu kwenye mtaro wa pekee wenye udongo wa mfinyanzi, mita kadhaa.

Watu wanamwaga chumvi kwenye shimo la nondo. Inasaidia siku ya kupima, kisha mvua inaichukua, na wakati huo huo inaila nondo. Udongo wa mfinyanzi unatunza unyevu vizuri zaidi.

Fundi apime kwa kipima ethi. Mimi nataka chini ya omu 100. Ikipita 200 siiamini, kwa sababu kiangazi itapanda tena. Ethi ya nyumba na ya karakana ziunganishwe vipi, hilo fundi ataamua akishaona umeme wa nyumba yako ulivyofungwa.

7. Funga vya ndani ya karakana.

Soketi zitumie waya wa 2.5 kwenye breka ya ampia 20, taa zitumie 1.5 kwenye breka ya ampia 6. Zitenganishe. Breka ya soketi ikikata msumeno ukiwa unazunguka, taa ibaki inawaka uone mkono wako ulipo. Kwa mashine zenye mota chagua breka zenye herufi C, hizo zinavumilia ule mvuto wa kuanzia. Za B zinaweza kukukatia unapowasha.

Soketi ziwe juu ya kiwango cha meza ya kazi, mbali na maranda yanayorundikana chini. Boksi la breka liwe karibu na mlango, si nyuma ya mbao. Ziba matundu yote ya boksi, maana wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu wanaingia hata kwenye tundu la skrubu, na wakifa humo wanarundikana na kuvuta unyevu.

Rangi za waya zichunguze. Sokoni zipo za zamani na mpya pamoja. Zamani laivu ilikuwa nyekundu na nyutro nyeusi. Mpya laivu ni kahawia na nyutro bluu. Ethi ni kijani na njano kote. Hatari iko kwenye nyeusi: zamani ni nyutro, lakini kwenye kebo mpya za nyaya nyingi inaweza kuwa laivu. Waya usipimwe kwa macho.

8. Kuunga na kupima. Hii ni ya fundi, wewe simama uone.

Azime meinswichi, ahakikishe kwa mita kwamba hakuna umeme, si kwa ile testa ya bisibisi peke yake. Kebo ipate breka yake ya ampia 32 na ile RCD ya miliampia 100 upande wa nyumba. Asiiunge chini ya breka ya jiko au ya soketi za sebuleni. Koti la chuma la kebo lishikwe kwa glandi na kuungwa na ethi. Kisha, kabla ya kuwasha, apime mambo matatu: ethi imeungana kutoka mwisho hadi mwisho; ganda la nyaya linazuia umeme, kwa kipimo cha volti 500, lisipungue omu milioni 1; na laivu na nyutro hazijapishana. Mwombe akuandikie vipimo hivyo kwenye karatasi, na tarehe.

9. Kuwasha.

Kwanza swichi kuu ya karakana bila mashine yoyote. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, ikate. Washa taa. Chomeka mashine ndogo, kisha kubwa. Mashine kubwa ikiwa kazini, pima volti kwenye soketi ya mbali na ulinganishe na za kwenye meinswichi ya nyumba muda huo huo. Tofauti isizidi ile hesabu ya hatua ya 2.

Ikisumbua

Breka inakata mashine ikianza tu. Angalia herufi kwanza. Kama ni B, badilisha iwe C. Kama ni C tayari, mashine imebanwa au mota ina hitilafu. Usiweke breka kubwa zaidi ili "isisumbue". Breka ikizidi uwezo wa waya, kitakachokata badala yake ni waya wenyewe, kwa moto.

RCD inakata mvua ikinyesha. Maji yameingia mahali. Anza na taa ya nje na soketi iliyo karibu na ukuta unaopigwa na mvua, kisha glandi. Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja. Ikikata bila kitu chochote kuchomekwa, mwite fundi apime kebo.

Taa zinafifia msumeno ukiwaka. Zikififia nukta moja na kurudi, ni kawaida ya mota. Zikibaki hafifu, waya ni mwembamba au kuna kiungo kimelegea. Gusa kifuniko cha soketi kwa nje. Kikiwa cha moto, zima na usitumie.

Mashine inatekenya mkononi. Zima kwenye swichi kuu, usizime kwenye mashine. Usiivalie kandambili ukaendelea. Hapo ethi haipo au imekatika, na RCD haifanyi kazi au haikufungwa.

Umeme umekatika mtaani ukiwa kazini. Zima kila mashine kwenye swichi yake papo hapo. Msumeno ulioachwa kwenye "washa" utaanza kuzunguka wenyewe umeme ukirudi, na huenda ni saa tatu baadaye mtoto anafagia maranda.

Radi. Ngurumo za ziwani hutujia sana usiku na alfajiri. Fundi anaweza kufunga kifaa cha kukinga msukumo wa radi kwenye boksi, na nakushauri ukiwa na chaja au mashine zenye bodi za elektroniki. Hata hivyo, chomoa plagi kila unapofunga karakana jioni.

Kitufe cha RCD kibonyeze tarehe mosi ya kila mwezi. Na ethi ipimwe tena Agosti, udongo ukiwa umekauka hadi chini. Kipimo cha Aprili peke yake hakitoshi.